Kicheche kwenye Waya wa Kuku

Baba Nekesa,

Salamu kutoka Njoro. Baridi ya huku inauma, lakini ngano imependeza.

Leo asubuhi Nekesa alinipeleka kwenye shamba ambako yeye na wenzake wa chuo husoma habari za wanyama. Tukamkuta mzee mwenye shamba ameinua rungu. Kicheche, mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, alikuwa amenaswa kwenye waya wa banda la kuku.

"Huyu ni skanki, yule mnyama anayenuka wa kwenye TV! Atanimalizia vifaranga!" mzee akafoka.

Binti yako akapiga magoti kati ya mzee na kicheche. "Ngoja, mzee. Skanki ni wa Amerika, na wana familia yao. Huyu ni wa ukoo wa nyegere. Wananuka sawa, lakini si ndugu. Huyu anakula panya wanaoharibu ngano yako."

Akakata waya. Kicheche akageuka, akainua mkia, akamnyunyizia majimaji yenye uvundo kifuani! Sote tulitokwa machozi. Mzee akacheka mpaka rungu likamponyoka.

"Wacha aende. Na wewe, mwalimu, Jumapili uje uwaambie majirani."

Wewe huuliza masomo haya yatampeleka wapi. Nimemsugua kwa sabuni, bado ananuka, na nimemkumbatia hivyo hivyo.

Kula vizuri, mpenzi.

Mama Nekesa