Mashine ya Kijana Mwenye Chumba Chake

Jumatatu, 2 Desemba
Stika tena. Nazibandika kwenye maboksi tangu asubuhi, kidole gumba kinauma. Miaka miwili tumeitengeneza mashine hii ya gemu hapa Shirimatunda, chumba cha nyuma kwa shangazi yake Elisante. Inaanza kuuzwa Jumamosi ya wiki ijayo na bado tunabishana ni ya mteja gani. Elisante, mwenzangu, anasema ni ya kijana wa miaka ishirini na tano, mwenye kazi na chumba chake. Mimi nasema ni ya nyumba nzima. Kashaamua yeye. Boksi jeusi, picha ya bunduki, padi moja tu ya kuchezea. Nina hasira.

Alhamisi, 5 Desemba
Nimemweleza upya. Mashine inachomekwa kwenye TV. Kijana gani huku ana TV yake? Anajibu Krismasi Wachagga wote wanarudi kutoka Dar, na vijana wanataka kuonekana. Eti nafikiri kishamba. Niliacha ualimu kwa ajili ya kitu hiki. Isipouzika sina pa kurudi.

Jumamosi, 14 Desemba
Siku yenyewe. Meza mjini, muziki, jua kali. Vijana walicheza, wakasifia, wakaondoka. Mama mmoja alitaka kuwanunulia wanawe watatu, akauliza padi nyingine ziko wapi. Hakuna. Akaitazama ile bunduki, akarudisha boksi taratibu. Elisante akasema huyo si mteja wetu. Nilisogea kando nisije nikamtukana.

Ijumaa, 20 Desemba
Tumehamishia meza Sanya Juu. Hivyo hivyo.

Jumanne, 24 Desemba
Nimepanda mlimani, nyumbani kwetu, na mashine moja begini. Nitacheza na ndugu zangu wote, nirekodi, nimtumie Elisante aone mwenyewe. Njia tope tupu. Shikamoo kumi na tano kabla sijafika jikoni.

Jumatano, 25 Desemba
Ibada, mbuzi, supu. Kaka yangu Ndewa ni bosi wa watu kumi na wawili huko Dar. Leo baba kamtuma majani ya ng'ombe, kachukua panga kaenda. Rimoti iko mfukoni mwa koti la baba tangu tutoke kanisani. Kwaya, taarifa ya habari, kwaya. Hakuna aliyethubutu kuiomba.

Ndipo nilipoona upumbavu wetu. Tumewalenga vijana wiki ileile wanayorudi kuwa watoto. Tena sisi ni wa hapahapa. Hili hatukuhitaji kufundishwa.

Alhamisi, 26 Desemba
Elisante kapiga simu kutoka kwao Tarakea. Ananong'ona, kajificha nyuma ya zizi. Alipeleka mashine kwa wadogo zake, hajaifungua. Mzee wake hajaachia TV. Nilimcheka sana. Nikamwambia si nilisema.

"Na wewe umeichomeka?" akauliza.

Nikakata simu.

Ijumaa, 27 Desemba
Mvua tangu alfajiri. Baba kasinzia kwenye kochi, rimoti kifuani. Ningeweza kuichukua. Sikuichukua.

Mama alikuwa anafagia chumbani, akanyanyua begi langu. Akauliza nimebeba nini kizito hivi. Nikasema vitabu vya shule. Hawajui kuwa niliacha kazi. Akaniambia pole na kazi, mwanangu, akaliweka juu ya kabati ili visishike unyevu.