Amplifaya Niliyoipa Jina

Jumanne, 29 Novemba 1977

Bertil kaniita mimi! Mimi, mpiga solo wa bendi ya dansi, siyo wale vijana wake wa nywele ndefu wanaopiga roki. Bertil ni yule fundi Mswidi wa mtaa wa Södermalm anayeunda amplifaya za gitaa kwa mkono, moja moja, katika chumba cha chini ya nyumba. Amemaliza mbili, zote za valvu — zile taa za kioo zinazowaka ndani. Moja nyeusi, moja ya kijani. Hawezi kuendelea na zote mbili, basi anataka nimchagulie. Nitakayoichagua ndiyo atakayoiunda kuanzia sasa, na jina nitaipa mimi. Jina! Kwetu kila bendi ina mtindo wake wenye jina. Sasa hata sanduku la Mswidi litakuwa nalo.

Alhamisi, 1 Desemba

Nimetoka kazini Södertälje moja kwa moja hadi kwa Bertil, hata sikula. Nikaanza na ya kijani. Sauti safi, kila uzi unausikia — lakini ina adabu mno, kama mtu aliyekuja kuposa. Nikahamia nyeusi. Loo! Gusa uzi kidogo tu, inanguruma. Noti moja inavuta, inavuta, unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi ukaikuta. Bertil kafumba macho. Akasema hajaona mtu wa kuiliza namna ile. Najua.

Nikapiga peke yangu mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Nyeusi, basi! Nimeipa jina la mtindo wetu: Funga Koti. Bertil atalichonga kwenye kibao cha shaba. Domina, mke wangu, anasema tangu nirudi nyumbani Hjulsta sijavua kofia. Aniache nayo.

Jumapili, 4 Desemba

Mazoezi ya bendi, ukumbi wa Vårby gård. Bertil katuazima zote mbili. Mimi nyeusi, Njoroge ya kijani — huyu Mkenya ndiye gitaa letu la ridhimu, na mkono anao, sikatai. Nyimbo za polepole, raha tupu. Kwenye chemko, pale magitaa mawili yanapojibizana na watu wanapotakiwa kutoka jasho, noti zangu zikashikana kama uji. Njoroge akaacha kupiga. Eti hasikii ninachomwuliza, atanijibu nini? Nikamwambia azoee. Wivu huo!

Kusema kweli na mimi sikumsikia. Ni ukumbi mtupu tu. Watu wakijaa itatulia.

Jumamosi, 10 Desemba — mapumziko, chumba cha nyuma

Dansi la Uhuru wetu na Jamhuri ya Wakenya, pamoja. Ukumbi umefurika! Bertil kaja na mkewe, wamekaa mbele kabisa. FUNGA KOTI inang'aa jukwaani. Mke wake alikigusa kile kibao kwa kidole, nami kifua kikavimba hadi shati likanibana. Awamu ya kwanza yote nimeipiga kwa nyeusi.

Kisha Domina kaja huku nyuma. "Baba Gaudi, huko nje tunakusikia wewe tu." Nikacheka, nikamwambia asante. Akanitazama. Akasema watu hawachezi. Wako ukutani na soda zao, wananiangalia. Hata akina mama wa Bukoba, ambao hucheza hata mashine ya kufulia ikizunguka!

Imeniuma. Imeniuma sana. Nilijaribu amplifaya peke yangu, kama Mswidi, na muziki wetu haupigwi na mtu mmoja.

Nachungulia pazia. Njoroge ameshapanda. Ya kijani ina matundu mawili ya kuchomekea waya. Yeye kachomeka la pili. La kwanza kaliacha wazi kwa ajili yangu. Ameanza ridhimu, taratibu, peke yake — na mama mmoja ameweka chupa yake chini.

Ngoja. Wananiita. Bertil kashasimama mbele ya nyeusi, amemwinua na mkewe aone vizuri. Waya wa gitaa ninao mkononi, tundu la kijani bado liko wazi, na Bertil ananipungia niende kwenye nyeusi.