Mandarini ya Tonton Mbonigaba

Gisenyi, 28 Julai

Shangazi mupenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Goma kwa binti yako Connie. Habari ya mwili? Mugongo unauma bado? Na ule mutoto mupya, Ineza, analia kwa sauti ya baba yake ao kwa sauti yako? Mi niko muzima kabisa, nakula, nanenepa, mabinti wa Rugerero wanauliza huyu kijana ni wa nani.

We ulisema kwa simu nakudanganya na sauti tamu, ndiyo maana unataka karatasi. Bon, karatasi hii hapa. Mukandayisenga, yule mama muuza karoti, ataificha katikati ya karoti zake na kukupa akivuka mpaka pale barrière. Ikinuka karoti, si mimi.

Sasa bustani. Shangazi, jua la mwezi huu linachoma kama pasi, vumbi inaingia mpaka kwenye meno, lakini ule mti wa mandarini wa marehemu mume wako, Tonton Mbonigaba, umesimama kama askari. Naupa madumu mawili ya maji, vile uliagiza.

Na ngoja nikuambie ushujaa wangu. Jana, Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mkuu wa mudugudu alisema atapita nyumba kwa nyumba kukagua usafi. Nikasema hapa ni kwa Shangazi Mukagasana, hatuaibiki. Nikafagia uwanja wote. Yale manyasi makavu uliyotandika chini ya mandarini, isaso yako ile, nene kama godoro na mijusi ndani, nilikusanya yote nikachoma palepale. Halafu nikapanga mawe meusi ya volkano kuzunguka shina, nikayapaka chokaa. Mkuu akapiga picha! Iko kwenye grupu ya WhatsApp ya mudugudu, watu thelathini na mmoja wameweka kidole gumba. Karenzi jirani, na ile ndimu yake iliyozama kwenye majani makavu, alitazama chini.

Donc we lea mjukuu, bustani iko na mwanaume.

Mutoto wa kaka yako,
Wenceslas


Goma, 1 Agosti

Wenceslas mwanangu,

Nakusalimu. Sisi wazima. Ineza ananyonya vizuri, Connie ameanza kutembea tena. Mgongo wangu uache, una miaka mingi kuliko wewe.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimeketi. Umechoma isaso chini ya mti? Palepale? Mwanangu, ile haikuwa uchafu. Ndiyo blanketi ya udongo. Kwetu udongo ni mawe mawe, maji yanapita tu, na mizizi ya mandarini inayokula iko juu juu. Ukiivua nguo mwezi wa nane, jua linaipika.

Fanya hivi leo, si kesho. Ondoa yale mawe, yanashika joto mchana kutwa. Kata nyasi, omba majani makavu ya migomba kwa Karenzi, tandika nene, lakini yasiguse shina. Maji ni asubuhi kabla jua halijatoka, polepole, kama unamnywesha mgonjwa. Mchana usimwage hata tone.

Unajua mti ule ni nini kwangu. Tulipotoka Masisi, Mbonigaba aliacha redio na baiskeli, akabeba mche ndani ya shati. Mwenyewe hayupo sasa. Nikitaka kumkumbuka naponda jani moja, nanusa, basi. Niandikie ukweli, majani yakoje?

Shangazi yako,
Mukagasana


Gisenyi, 4 Agosti

Shangazi mupenzi,

Salamu tena, na pole kwa hofu. Hapa amani tupu.

Nimefanya yote. Mawe nimetoa, isaso mupya nimetandika, ndefu kiasi kuku wa Karenzi amepotelea humo. Asubuhi naamka kabla ya muezini na kabla ya padri. Majani ni ya kijani mpaka yanaudhi. Machache yamejikunja kidogo, yanapumzika tu. Hata mi nikipigwa na jua najikunja.

Mukandayisenga akikuambia kitu usimsikilize, macho yake yamezoea karoti.

Mutoto wako,
Wenceslas


Goma, 24 Agosti

Wenceslas mwanangu,

Habari za siku nyingi? Wiki tatu hujaandika, nikasema labda mabinti wa Rugerero wamekuchukua. Sisi tuko salama, Mungu ashukuriwe.

Nina ombi. Uwanja wa Connie ni mawe matupu, hakuna hata kivuli cha kuanikia nepi. Nataka Ineza akue pamoja na mti wa babu yake. Nikatie kijiti kwenye mandarini, unene wa penseli, urefu wa kiganja. Kifunge kwa kitambaa chenye maji na jani la mgomba, umpe Mukandayisenga asubuhi. Nitakiotesha ndani ya kopo, Mbonigaba alinifundisha.

Chagua tawi lenye afya. Niambie umelikata upande gani, nilione kwa akili.

Shangazi yako


Gisenyi, 27 Agosti

Shangazi,

Hatujambo huku. Kijiti ndicho hiki.

Majani nimeyatoa yote, nimesoma kwenye simu kwamba hivyo kinashika haraka. Nimekisafisha pia, kiko laini kama shavu langu. Nimekata upande wa ziwa.

Usinijibu haraka, najua uko na kazi ya mutoto.

Wenceslas


Goma, 28 Septemba

Mwanangu mpenzi Wenceslas,

Nakusalimu kwa furaha! U mzima? Sisi hapa ni kicheko.

Kimeshika! Nilikifunika kwa chupa ya maji iliyokatwa, nikakiweka mahali jua la mchana halifiki. Leo kina majani manne, madogo kama masikio ya panya. Sithubutu hata kuyagusa. Connie akimwosha Ineza jioni, maji ya beseni hatuyamwagi, tunakipa. Majirani wanakuja kukitazama, nawaambia huo ni mkono wa Mbonigaba. Jana Connie alichuchumaa mbele ya kopo akasema, "Papa, umeona mjukuu wako?" Nikaingia ndani ili asinione.

Nilikuwa na wasiwasi nawe, nisamehe. Nilisema moyoni kijana huyu ni mdomo tu. Kumbe umeutunza.

Shangazi yako anayekushukuru,
Mukagasana


Gisenyi, 30 Septemba

Shangazi,

Salamu. Nimeandika salamu mara tatu nikachana karatasi, maana ukiniuliza kama mi muzima nitajibu nini.

Kile kijiti ni ndimu ya Karenzi.

Ngoja nimalize, nikisimama sitaanza tena. Ulipoandika ile barua ya isaso, nilisema nitakata nyasi kesho. Kesho kulikuwa mpira. Keshokutwa nikaona yale mawe meupe yanapendeza, na watu bado wanaongea ile picha, nikasema nitoe mawe mkuu akipita tena aone nini? Asubuhi nilikuwa nalala. Maji nilimwaga saa sita, nikitoka kitandani, jua limesimama juu ya kichwa, na udongo ulikuwa unatoa mvuke kama chungu. Kabla ya Asomusio, ile sikukuu ya Bikira Maria katikati ya Agosti, majani yalijikunja kama sigara. Halafu yakaanguka. Siku moja nikamwaga madumu sita kwa mara moja, kama mutu anayelipia dhambi, ikawa bure.

Barua yako ya kijiti iliponifikia, nilichukua kisu nikakwangua ganda la mandarini nikitafuta kijani. Nilikwangua kutoka juu mpaka chini. Kahawia tupu. Nikaruka ua, nikakata kwa Karenzi. Ndimu iko na miiba, mandarini yako haikuwa nayo, nikaitoa moja moja na wembe. Nimenyoa muti, Shangazi, na mi mwenyewe sina ndevu. Majani nilitoa ili usiponde unuse.

Nilifikiri kitakufa. Nilikiombea kife, ndiyo ukweli. Kingekufa tungesema ni bahati mbaya. Sasa kimeshika, na Connie anakiita Papa, na maji ya mutoto yanaenda kwenye uongo wangu kila jioni.

Mvua imerudi wiki mbili sasa. Maharage ya Karenzi yameshachipua. Kila kitu hapa ni kijani, isipokuwa ule. Mawe yangu yanang'aa vizuri sana.

Sijui nisaini vipi.

Wenceslas


Goma, 18 Oktoba

Wenceslas,

Mwiba wa kwanza ulitoka tarehe mosi Oktoba, asubuhi. Nilidhani ni uzi umenasa, nikaushika, ukanichoma. Nikaponda jani moja, nikanusa. Nikamwomba Connie kisu, nikamwambia ni cha viazi.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kopo, kisu mkononi, Mukandayisenga akaingia na karoti zake na barua yako. Nilisoma hivyohivyo. Kama asubuhi ile ungelala kama ulivyozoea, usimpe barua, kile kijiti kingekuwa kuni.

Siku hizi zote sikuandika kwa sababu kila neno lililokuja lilikuwa la kukuunguza, na naona ulishajiunguza. Nimelia, sikufichi. Harufu ile nimeipoteza, na hakuna wa kunirudishia, hata wewe.

Sasa sikiliza. Mandarini usiing'oe, usiiguse. Nakuja Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja. Nitaikata mwenyewe kwa panga la Mbonigaba, nawe utasimama pale utazame mpaka mwisho, bila mzaha. Kabla ya hapo, mawe yale uyaondoe kwa mikono yako, mchana, watu wakikuona. Na umwambie Karenzi ulichokata kwake.

Ile ndimu nimeiacha. Haina kosa. Connie nimemweleza yote, naye akaipa jina. Inaitwa Wenceslas, kwa sababu ni nyembamba, inajivuna, na ukiisogelea inachoma. Jioni bado inapata maji ya mtoto. Ila isaso yake utaileta wewe, mzigo mzima, kichwani, uvuke nao barrière kama mama wa karoti.

Pale juu sikukusalimu, nilikuwa na hasira. Basi nakusalimu sasa. Habari yako, mwanangu? Unakula? Unalala?

Shangazi yako,
Mukagasana