Zamu Yako ya Kuuliza

Likoni, Jumatano

Salim wangu,

Nimefungua shajara niandike tarehe kama kawaida, mkono ukageuka ukakuandikia wewe.

Niko eda, chumbani kwetu. Mama yako yuko ukumbini anachambua mchele. Simu yako iko hapa kando ya yangu, bado naichaji. Sijui namchajia nani.

Ile programu yetu ya simu haikujua kama umekufa. Unakumbuka muuguzi wa kliniki alipotuwekea? Alisema tuiandae miili kabla ya mimba, mume na mke sawasawa: mimi nimeze kidonge cha foliki kila siku, wewe uache sigara. Ukacheka: "Kumbe na mimi nabeba!" Ulipenda vile ilivyokataza mtu kujijibia mwenyewe. Mimi niliulizwa habari zako, wewe zangu. Na kwa kuwa hukutaka kusema uongo hata kwa simu, kila asubuhi ulisimama na gilasi ya maji, kazini Changamwe wanakungoja: "Meza, bibi, nikuone. Fungua mdomo. Inua ulimi." Jioni nami nikikunusa shati kama askari wa getini.

Sigara uliziacha kweli. Lori lililokugonga halikujali.

Iliendelea kuniuliza kila jioni: mwenzako amevuta leo? Nilibonyeza hapana. Si uongo. Asubuhi simu yako iliuliza kama mke wako amemeza kidonge, nami nikakujibia: ndiyo. Hilo nalo si uongo. Nilikuwa nameza, Salim. Tulipokuzika siku zangu zilikuwa zimechelewa, na nikiwa peke yangu niliweka mkono tumboni nikasema, labda.

Mama alijua bila kuambiwa. Akaanza kuniletea uji, akisimama mpaka niumalize. Siku moja akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukiwa na kitu tumboni, eda yako ni mpaka ujifungue. Nitakaa nawe, mwanangu." Nilitaka kumtuma mtu duka la dawa aninunulie kipimo. Akanishika mkono. "Usiharakishe kujua." Basi mimi, niandikaye kila kitu, sikuandika neno. Tukakaa wawili na ile labda yetu, tukiitunza kama moto wa jirani tulioazima.

Jana asubuhi damu ilikuja.

Nilikaa chooni mpaka akabisha. Nilipofungua alinitazama usoni, akaketi pale pale kizingitini. "Basi kaenda kabisa," akasema. Hakulia. Siku ya maziko alilia, jana hakulia, na hilo ndilo lililonivunja.

Jioni programu ikaniuliza swali la pekee nililoruhusiwa kujijibia, kama damu imekuja, nami nikaijibu, maana ndivyo nilivyo, siwezi kuacha swali wazi. Ikaniletea picha ya maua na maneno: "Msivunjike moyo. Mwezi ujao mtajaribu tena." Nikaifuta kwenye simu yangu. Kwenye yako niliiacha mpaka leo, kwa kuwa wewe ulikuwa hujajibu. Asubuhi ikauliza: mke wako amemeza? Nikabonyeza hapana. Ndilo jibu lako la mwisho, na ni la kweli. Kisha nikaifuta na huko.

Nilipotoka nikamkuta mama hajagusa chai. Vidonge vyake vya presha, vya jana na vya leo, viko pale pale kwenye kisahani. Nikajaza gilasi, nikasimama mbele yake.

"Meza, mama, nikuone."

"Ujeuri huu umejifunzia wapi?"

"Kwa mwanao."

Akameza. Kisha, sikumwambia, Salim, wallahi sikumwambia: akafungua mdomo, akainua ulimi.

Kumbe ujeuri huo ulianzia kwake. Hukuwahi kunieleza.

Eda ikiisha huenda kwetu Kisauni wakanitaka nirudi. Sijui nitajibu nini. Lakini nikilala huku au huko, mama yako hatapitisha asubuhi bila mtu wa kumuuliza, wala hatajijibia mwenyewe. Hilo nakuahidi, na leo naliandika na tarehe yake.

Pumzika, mume wangu. Gilasi ninayo mimi.

Mkeo,
Mwanaisha