Tumbawe la Zambarau Limekufa, Baba

Baba,

Hadi leo sijaelewa. Uliniambia, "Nakijwa, bandika chai," ukainama kuosha chujio la tangi la samaki, na nilipogeuka ulikuwa sakafuni. Maji ya chai hata moto hayajapata. Mtu anaondokaje hivyo?

Tulikuzika kijijini Suji, kando ya bibi. Huku Same nyumba ilijaa wageni wiki mbili, na kila aliyekaa mbele ya tangi lako la maji ya bahari aliwahurumia samaki. "Nao wamefiwa," walisema, wakiwamwagia chakula. Sikuwazuia. Nilikuwa natazama tu, sioni.

Siku shangazi aliponivuta, "Hebu tazama hapa," mwani wa kijani ulikuwa umefunika vioo na matumbawe uliyoyafuga humo yamejikunja. Nikatoa vichupa vyako vya kupimia uchafu wa maji, nikadondosha matone. Naitreti ikawa nyekundu kabisa. Fosfeti, buluu nzito kuliko zote kwenye kadi ya kulinganishia rangi; vyote viwili vimezidi. Chakula chote kile kilikuwa kimeozea majini. Baba, nilihisi nimekuua mara ya pili.

Kwa woga nikamimina kopo zima la dawa ya kuondoa fosfeti, nikabadilisha karibu maji yote siku hiyo hiyo. Nikapima tena: sifuri, sifuri. Nikashangilia peke yangu!

Siku ya tatu lile tumbawe la zambarau, ulilolilea tangu likiwa kipande cha ukubwa wa ukucha, lilikuwa jeupe. Jeupe, Baba. Nilipiga yowe ambalo hata kaburini sikulipiga.

Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa kidato cha pili, nikakuuliza kwa nini usiondoe uchafu wote ukaisha. Ukacheka. "Matumbawe nayo yanakula humo humo kwenye uchafu. Nikikunyima makande yote, utanawiri?"

Sasa nalisha mara moja kwa siku, kiasi cha kuisha mbele ya macho yangu. Kila Jumamosi napima, natoa ndoo moja, narudisha ndoo moja ya maji ya chumvi. Rangi kwenye kadi zimerudi hafifu, si sifuri tena, wala hazizidi. Jana tumbawe la kahawia lilifunguka. La zambarau halitarudi. Nisamehe.

Wajomba wanasema tangi liuzwe. Naahidi haliuzwi, na nitajifunza yale niliyokuwa nakuachia wewe.

Kwaheri, Baba yangu. Bado mlango ukifunguliwa nainua kichwa.

Mwanao,
Nakijwa