Kishindo na Kizimba Nilichokihamisha

Chumba Namba 14,
Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji hajambo? Na mwanenu mdogo, meno yameshatoka? Nataraji zamu za hospitali hazikumalizi. Mimi ni mzima. Kabla hujasoma zaidi: Kishindo yu hai. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, ungerukia mwisho.

Uliponiachia huyu mbwa wako ulinisisitizia nimzoeshe kukaa kwenye kizimba cha waya. Nikakujibu kwamba huko ni kumtia jela asiye na kosa. Kisha akatafuna viatu vyangu vya kazini, akararua zulia, na kila radi ilipopiga alijibanza uvunguni mpaka nimburute. Nikasalimu amri. Wiki nzima nilimwekea chakula ndani, mlango wazi, blanketi lako kuukuu chini. Sikumfungia humo kwa hasira hata siku moja. Nikisema "Kwako!" anaingia, halafu anabweka mara moja kudai biskuti yake. Mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi ofisini.

Dada, ulisema kweli. Siku hizi radi ikipiga anakwenda mwenyewe kizimbani na kulala. Haja zake anazisubiri mpaka nimtoe nje. Daktari wa mifugo alimchoma sindano akasema hajaona mbwa mtulivu namna ile. Nami nikawa nakwenda kazini bila kuwaza kwamba anatafuna waya za umeme.

Lakini woga wangu unaujua. Nikaanza kujiuliza: likitokea jambo nami sipo, nani atajua kuna kiumbe nyuma ya komeo? Basi nikaandika kadi, nikaibandika mlangoni kwa nje: "Ndani yumo mbwa mmoja, mpole. Kizimba kiko kona ya kulia, nyuma ya kabati. Komeo huvutwa juu." Nikatia tarehe na sahihi. Jirani yetu mshonaji, yule tunayemwita Mama Cherehani, alicheka mpaka akakaa ngazini. "Karani, hapo bado mhuri tu! Na nakala umpelekee bosi!"

Juzi Jumatatu kulikuwa na joto kali tangu asubuhi. Nikakisogeza kizimba kona ya kushoto, chini ya dirisha, apate hewa. Nikasema "Kwako!", nikafunga, nikaondoka.

Kadi sikuibadilisha.

Saa nne Mama Cherehani akapiga simu ofisini. "Mwanangu, njoo! Waya za umeme za chini zimeshika moto, ngazi zote ni moshi!" Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka gari la zimamoto, kamba ya kutuzuia, na mkuu wao akinishika bega. "Kijana, hupandi. Mwenzetu yuko juu, ameisoma kadi yako."

Mimi ninayewarudishia wenzangu mafaili kwa kukosea tarehe, nilikuwa nimemtuma mtu ndani ya moshi kwa maelezo ya uongo. Na yule mnyama, komeo nililifunga mwenyewe.

"Kadi si sahihi!" nikapiga kelele. "Nimekihamisha!" Mkuu akaita kwenye redio, ikakoroma tu. Nikakimbilia chini ya dirisha letu, lililokuwa likitoa moshi, nikaita kwa sauti yangu yote: "Kishindo! Kwako!"

Nikaita tena.

Akabweka. Mara moja.

Baada ya hapo nilihesabu vifungo vya koti la mkuu, vitano, mara nne. Ndipo mzimamoto akatoka, kizimba kizima begani. Akavua barakoa, akakohoa. "Nilikuwa nyuma ya kabati napapasa ukuta. Nilishageuka nitoke. Wanyama wengine hujificha huku na huku, huwapati. Huyu nimemsikia akibweka, nikanyoosha mkono, nikambeba na nyumba yake." Kisha akaniangalia. "Kadi ni jambo zuri, kijana. Ila iwe ya kweli." Hata Mama Cherehani hakucheka.

Daktari amempima Kishindo. Anakohoa kidogo, mapafu ni mazima. Chumba kina masizi tu. Lakini Dada, naogopa mpaka sasa, na wewe pia nakuogopa. Ukitaka nimpeleke kwa mjomba mwashi, sitabisha. Mjomba amekubali.

Jana jioni nilikirudisha kizimba kona ya kulia, nikaacha mlango wazi, sikusema neno. Nilijua hataingia tena maishani. Nilikuwa nimeinama naandika kadi mpya nikasikia kucha zake sakafuni. Akaingia, akajizungusha, akalala. Akabweka mara moja. Biskuti sikuwa nayo, nikampa mkate wangu.

Nisalimie Shemeji, mbusu mtoto, na umwambie binamu yetu dereva kwamba namkumbuka. Mola awalinde na mabaya, hasa yale tunayojitengenezea wenyewe kwa kusahau.

Humu bahashani nimetia nakala ya kadi mpya. Isome, kisha uniambie kama bado unaniamini naye.

Mdogo wako akupendaye,
Karani