Fumba Jicho la Kushoto

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa ajili ya umri wako tu. Usidhani kuna kingine. Najua huko Korogwe hamjambo. Sisi huku Mazingara tumepanda mahindi upya, maana mbegu za kwanza kanga wamezifukua zote. Bunduki ya baba ingekuwapo, wangekwenda kufukua kwingine. Lakini iko kwako, kabatini, inalinda mashati.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Baba alikuwa hai bado, anaumwa, na alishasema shotigani yake aichukue yule kati yetu atakayejua kuitumia. Ukanipeleka bondeni, nyuma ya shamba la mihogo. Ulikuwa mpole siku ile. Ulinishika kiwiko ukaniambia, "Fumba jicho la kushoto, mdogo wangu. Mlenge ndege mwenyewe, tulia kabisa, ndipo uvute." Nikafumba. Nikatulia. Kanga wakapita zao. "Utazoea," ukanifariji. Nilikupenda mno jioni ile. Nilikupikia kwale uliyempiga wewe, na firigisi nikakuwekea pembeni, kama ilivyo desturi yetu kwa mpigaji.

Ikafika arobaini ya baba. Baada ya dua na pilau, baba mkubwa akatutoa hadi shambani mbele ya ukoo mzima. Nikaanza mimi. Nikafumba jicho, nikatulia, marisau, zile punje za risasi, yakapita nyuma ya kanga. Nikarudia, yakapita nyuma tena. Shangazi akaangua kicheko, akasema bunduki si mwiko wa ugali. Ukapiga wewe, kanga akadondoka, ukakabidhiwa bunduki palepale. Kicheko cha shangazi nilishakisahau. Mama alivyoinamisha kichwa, hilo sijalisahau na sitalisahau.

Mwaka jana nilikwenda Mombo kwa shemeji, mume wa mdogo wetu, ambaye ana bunduki yake na vibali vyake. Nikamwomba anitazame ninavyopiga. Hata sijavuta, akanizuia.

"Shemeji, nani kakufundisha kufumba jicho?"

"Kaka yangu."

"Na kuusimamisha mtutu namna hiyo?"

"Huyohuyo."

Akaushusha mtutu wangu kwa mkono. "Basi huyo hakutaka upate kitoweo."

Ndipo nikakumbuka: siku ya arobaini, ulipokuwa unalenga, macho yako yote mawili yalikuwa wazi. Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Nililia njia nzima kutoka Mombo, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimemaliza kulia.

Nimejifunza upya. Nilianza na mpini wa jembe, nikiwafuata nao njiwa wanaopita juu ya paa, majirani wakadhani nimerukwa na akili. Sasa kitako cha bunduki nakipandisha hadi shavuni, sikiinamishii kichwa. Miguu naielekeza pale ndege atakapofika, si pale aliporukia. Kundi likiinuka nachagua kanga mmoja, wengine ni kama hawapo. Namfuata kuanzia mkiani, naupita mdomo wake, navuta huku mtutu bado unakwenda, maana kanga hasimami hewani kukusubiri. Marisau lazima yamtangulie. Shemeji ananipeleka msimu unapofunguliwa, na kila anayedondoka nalitaja jina lako. Najisikia vizuri sana nikilitaja.

Kwa hiyo nakuarifu. Baba mkubwa ameitisha kikao cha ukoo baada ya Idi. Niliyemwendea ni mimi. Nimemweleza yote, shemeji akathibitisha, na imeamuliwa tupige tena, mahali palepale, mbele ya watu walewale. Atakayeshinda ndiye atakayeandikishwa bunduki. Mama ananisihi nikuache, eti tumenyonya ziwa moja. Nimemwambia achukue kigoda aje akae mbele.

Nasikia unawaambia watu kwamba jicho lako moja siku hizi lina ukungu. Pole. Kapime hospitali, upewe miwani, uivae. Usiniletee ugonjwa siku ya kikao ukaniharibia. Kula vizuri, lala vizuri, fanya mazoezi ukipata nafasi. Nakutaka mzima kabisa, usije ukabaki na cha kusingizia.

Karatasi za umiliki njoo nazo. Nauli ya kuja jitegemee. Ya kurudi nitakulipia mimi, maana utarudi mikono mitupu, na mgeni hatoki kwangu bila kusindikizwa.

Ni mimi,
Mdogo wako, binti wa baba yako